Kukuza jerania hapa Lamu bila kuiua (mimi nilizika kumi na moja kwanza)

Wacha nianze na hesabu ya aibu ili mjue mnasoma maneno ya mtu wa aina gani. Nimeua miche kumi na moja ya maua ya jerania. Wa kwanza niliutoa Nairobi kwa khalati yangu, yaani dada yake mama, kwake barazani yamejaa mekundu mpaka yanamwagikia nje, nikaupakata kwenye basi usiku kucha mpaka Mokowe, nikavuka nao boti nimeufunika mtandio usirushiwe maji ya chumvi, nikafika nikautafutia mahali pazuri darini, roho kwatu. Wiki tatu tu. Shina likaanza kuwa jeusi kutoka chini kama mtu kalibandika kaa la moto, majani yakalegea, kwisha habari yake. Nikasema jua la Lamu kali, wa pili nikauweka kivulini, huo ndo ukafa upesi zaidi. Wa tatu nikauzidishia maji manake niliona majani yamelegea nikajua ni kiu.

Alienizindua ni mama mmoja mtu mzima jirani yetu hapa Langoni, ambae hajui jerania wala pelagonia lakini amekaa na maua umri wake wote. Alikuwa akiniona kila jioni baada ya alasiri na kopo langu, siku hiyo akasimama akanitizama akasema: "Mwanangu, mbona wayanywesha mai ja punda?" Yaani mbona nayanywesha maji kama punda. Nikacheka. Kisha nikaenda nikang'oa mche wa saba ambao ulikuwa unakaribia kufa nikatizama mizizi, imeoza yote, inateleza kama mlenda. Udongo ulikuwa mbichi tepetepe, na mimi siku hiyo nilikuwa nishatia maji tena.

Kwa hivyo jambo la msingi nalisema hapahapa ndo tuendelee: huku kwetu jerania haiuliwi na jua, inauliwa na maji ya jioni. Usiku wa Lamu una joto, chungu kikiwa na maji usiku mzima na joto lile, vimelea vya kuozesha mizizi vinafanya harusi. Miche minne zaidi ilikufa kabla sijaacha ile tabia, manake mkono ulishazoea.

Haya, kwanza ujue uliyonayo ni ipi, na hapa msiniruke hata kama mnataka kwenda moja kwa moja kwenye udongo, kwa sababu aina moja katika hizi haitakupa ua hata moja Lamu hata uilee kama mwana.

Hii tunayoiita jerania kwa kweli sio jerania. Jina lake la kitaalamu ni Pelargonium, pelagonia. Mwaka 1753 Carl Linnaeus aliitia mimea hii yote kwenye fungu moja la jerania, halafu Mfaransa mmoja, L'Héritier, akaja kuigawa, na mwaka 1789 pelagonia ikachapishwa ikiwa fungu lake peke yake, ila watu wa bustani wakawa wameshazoea jina la zamani na mpaka leo hawajaliacha. Majina yenyewe ya Kigiriki, yanatokana na ndege, kwa sababu mbegu yake imechongoka kama mdomo mrefu. Kuna jerania, kuna pelagonia, na kuna ndugu yao wa tatu anaitwa erodiamu, na kila mmoja kapewa jina la ndege wake wa miguu mirefu. Kinachonichekesha ni kwamba sisi tukiwaona ndege hao watatu tunawaita korongo basi, yaani huo ugomvi wa wataalamu ungeletwa kwetu ungekwisha siku hiyohiyo.

Kuzitofautisha ni rahisi. Tizama ua. Jerania ya kweli petali zake tano zimelingana zote, ukilikata ua popote kati linakupa nusu mbili sawa. Pelagonia mbili za juu ziko mbali na tatu za chini, mara nyingi zile mbili zina mistari au rangi yake. Na ukichukua kikonyo cha ua la pelagonia ukakikata kwa wembe utaona kishimo kidogo sana ndani, ni mrija wa asali uliogandana na kikonyo. Jerania ya kweli haina mrija huo. Ile ya kweli hapa Kenya ipo, inaota porini nyanda za juu huko kwenye baridi, huku pwani usijisumbue nayo. Na pelagonia za porini pia zipo Kenya, ila jamaa kubwa lao liko Afrika Kusini, kuna spishi kama 280 na nyingi sana ni za huko. Hizo zinazojaza madirisha ya Ulaya zote asili yake Afrika, tusidanganyane.

Sasa hizo za kuuziwa ni za aina nne hivi. Ya kwanza ndo ile ya khalati yangu, jani la duara lina pete nyeusi katikati kama kwato la punda, ua linakaa juu kama mpira. Hii wazee wake wawili ni mimea ya Afrika Kusini, na huku kwetu inakubali ukiiheshimu. Ya pili ni ya kutambaa, Pelargonium peltatum, jani nene linang'aa, limekaa kama ngao, inaning'inia. Kwangu hii ndo iliyonipa raha kuliko zote, jani lake limebeba maji yake mwenyewe, upepo wa chumvi inauvumilia kidogo. Ukiwa unaanza, anza na hii.

Ya tatu ni ile yenye maua makubwa yamekunjamana kama gauni la bibi harusi, yana madoa meusi, wauzaji wanaiita ya kifalme. Kaka, dada, iache dukani. Ili ifunge vichomozi vya maua inataka usiku wa baridi, nyuzijoto chini ya 15 au 16 hivi kwa wiki kadhaa, na Lamu usiku wenyewe haushuki kufika huko hata Julai. Utakuwa na majani mazuri miaka yote. Nimemwona mtu hapa Mkomani kaipeleka kwenye chumba cha eyasii! Mimi sina pesa ya stima hiyo.

Ya nne ni za harufu, na nitazirudia mwisho manake kwa watu wa Lamu hizi ndo zenye maana. Maua yake madogo hayana mbwembwe, lakini ulisugue jani. Kuna ya harufu ya waridi, kuna ya ndimu, kuna ya mnanaa.

Na ipo moja ambayo inauzwa kwa jina la mmea wa mbu. Nilinunua. Duka silitaji. Nikaambiwa weka dirishani mbu hawaingii. Nikaiweka karibu na kitanda, asubuhi nikaamka nimetafunwa, na mbu mmoja namwona kwa macho yangu amekaa juu ya jani anapumzika. Nikaja kujua baadae kwamba vipimo vya miaka ya 1990 huko Marekani na Kanada vilionyesha mmea ukiwa umekaa tu hauwazuii mbu, wanatua juu yake kama kawaida. Wazee wetu wametuachia vijisamaki kwenye birika vinavyokula viluwiluwi vya mbu, hivyo vinafanya kazi kuliko mche wangu wa pesa nyingi. Lakini harufu yake tamu, siutupi.

Msimu. Watu wengi wanaleta mche Disemba kwa sababu ndo wametoka safari, na Disemba ndo kaskazi inaingia, joto linapanda mpaka mwezi wa tatu na wa nne. Mche mgeni kwenye joto hilo anateseka. Wakati mzuri wa kuanza ni baada ya masika kupungua, Julai na Agosti, kusi inavuma, hewa imepoa kidogo, mizizi inapata nafasi ya kushika. Ukipanda Julai maua utayaona kuanzia Septemba Oktoba na yataendelea mpaka joto lizidi. Likizidi mmea unalala, maua yanakoma, majani mapya yanatoka madogo na rangi imepauka. Hapo usiwe na wasiwasi na USIUZIDISHIE MAJI. Haumwi, kachoka na joto tu. Wengi wetu ndo hapa tunapowaulia.

Chungu na udongo sasa, na hapa nitakaa kidogo.

Chungu kiwe cha udongo wa kufinyangwa, kile kisichopakwa rangi, kinapumua. Plastiki na mkebe wa maziwa vinashika maji, ukiwa huna budi toboa matundu matano sita chini sio moja. Kisiwe kikubwa, hili kosa nilifanya mimi, nikasema nimpe nafasi. Chungu kikubwa na mizizi midogo maana yake udongo mwingi unabaki na maji bila wa kuyanywa. Upana wa shibiri moja unatosha mwaka mzima.

Udongo wa kwetu ni mchanga wa matumbawe, una chokaa nyingi, na pelagonia inapenda udongo wenye uchachu kidogo. Kwenye chokaa mmea haupati chuma hata kama chuma kipo, na dalili yake utaijua, majani machanga ya juu yanakuwa manjano lakini mishipa yake imebaki kijani kama ramani ya mito. Watu wataniambia fukia misumari yenye kutu. Nimefukia. Kutu haiyeyuki kwenye udongo wa chokaa, msumari umekaa miezi minane na jani bado manjano. Nenda duka la dawa za kilimo uombe chuma cha kuchanganya na maji, kile maalumu kwa udongo wa chokaa, au rahisi zaidi usitumie huo udongo kuanzia mwanzo. Na majivu ya jikoni ambayo kila mtu anakuambia ni mbolea, kwa kwetu huku usiyatie, yanazidisha tatizo lilelile.

Mchanganyiko wangu: makopo mawili ya mchanga mkavu wenye chembe kubwa, kopo moja la usumba wa makumbi ya nazi, kopo moja la samadi ya punda ya zamani, na kama una udongo wa bara wa upande wa Witu au Mpeketoni ongeza kopo. Mchanga usiuchote ufukweni manake una chumvi, na mchanga wa matuta ya Shela usiuguse kabisa, matuta yale ndo yanayotuhifadhia maji tunayokunywa. Nenda kwa mafundi wa ujenzi uombe. Usumba uloweke siku mbili, umwage maji, uloweke tena, kwa sababu makumbi mengi yamelowekwa kwenye maji ya bahari na chumvi imebaki ndani. Samadi, alhamdulillahi, hiyo mji huu haujawahi kupungukiwa, ila iwe imekaa miezi mitatu minne mpaka ukiishika haina harufu na imekuwa kama majani ya chai. Ile mbichi inaunguza mizizi. Mimi nairundika kwenye kona ya kiwanda, ule uwanja wa ndani ya nyumba, nafunika na gunia, mke wangu kanuna wiki ya kwanza baadae akaanza kuichukua kwa ajili ya mrehani wake.

Chini ya chungu tia vigae vya vyungu vilivyovunjika visizibe tundu. Na chungu usikikalishe kwenye kisahani chenye maji, kiinue juu ya vijiwe vitatu kama mafiga.

Haya, kukata vipandikizi. Hii ndo kazi tamu na ndo inayofanya mtu asinunue tena maisha yake.

Chagua tawi lenye afya, sio lile lenye ua na sio lile lililokomaa likawa kama mti, lile la kati, ukilikunja linavunjika kwa mlio. Kisu au wembe uupitishe kwanza kwenye moto au spiriti, na kila ukihamia mmea mwingine pitisha tena, nitawaambia kwanini. Kata urefu wa kidole kirefu, sentimita 8 mpaka 10, chini kidogo ya kifundo. Ng'oa majani ya chini yote, bakisha mawili matatu ya juu. Ukiona kuna kichomozi cha ua kivunje bila huruma, kitakula nguvu ya mizizi.

Halafu hapa ndo watu wanakosea kwa sababu wamezoea asumini na mrehani: USITIE KWENYE MAJI. Kiweke kivulini juu ya karatasi masaa kadhaa, mimi nalaza usiku mmoja, mpaka pale ulipokata pamekauka pakafanya ngozi. Kidonda kibichi kikiingia udongo mbichi kinaoza. Asubuhi chukua mchanga na usumba tu bila samadi, umwagie maji mara moja, uache yachuruzike, chomeka kipandikizi kiingie vifundo viwili, bonyeza kwa kidole. Usifunike na mfuko wa plastiki kama wanavyofunika vitu vingine, jani la jerania lina vinyweleo na likifungiwa unyevu linaota ukungu. Liache lipate hewa, mahali penye mwanga bila jua la moja kwa moja. Usitie maji mpaka mchanga wa juu ukauke kabisa.

Siku za mwanzo kitanyong'onyea, jani la chini litakuwa manjano, tulia. Wiki ya pili mpaka ya nne ukivuta kidogo kinakuvuta na wewe, maana yake kimeshika. Mimi kumi nikichomeka saba nane zinatoka. Dawa ya mizizi ya dukani sijawahi kutumia.

Kuhusu maji nishasema lakini narudia kwa utaratibu wake. Asubuhi, kabla jua halijapanda, chini kwenye udongo sio juu ya majani. Kabla ya kutia ingiza kidole vifundo viwili, ukihisi ubichi wowote ondoka. Baadae utazoea kunyanyua chungu tu, chepesi kinataka, kizito hakitaki. Ukitia tia mpaka yatoke chini, halafu usirudi mpaka pakauke. Kaskazi kwenye chungu cha udongo inaweza kuwa kila siku ya tatu au ya nne, wakati wa masika mimi nakaa hata siku kumi sijagusa, na vyungu vyote vinaingia chini ya paa la makuti, havilali nje hata usiku mmoja mwezi wa tano.

Maji yenyewe, visima vingi vya mjini vina magadi na chumvi. Ukiona ukingo wa chungu una ukoko mweupe na ncha za majani zimeungua, ni hiyo. Maji ya mvua ya jabia ndo dawa, weka madumu mawili ya kwa ajili ya maua tu, na kama huna basi mara moja kwa mwezi mwagia mengi ya tamu yapite yaoshe chumvi.

Jua: la asubuhi mpaka saa nne saa tano, linalotokea upande wa Manda, hilo ni lake lote. La saa sita mpaka saa tisa mkinge. Nyumba zetu za mawe zimesaidia hapo, ukuta mrefu wa jirani ni mwavuli wa bure. Bila jua kabisa mmea unarefuka shingo kama twiga na hautoi ua. Na upepo wa kusi ukiwa mkali kule darini unavunja matawi, kwa hiyo vyungu niliviegemeza nyuma ya kiukuta cha hukohuko. Ukikaa karibu sana na pwani suuza majani kwa maji tamu asubuhi moja moja, chumvi isikae, hii ndo ruhusa pekee ya kulowesha majani.

Chakula kidogo. Samadi ya punda loweka kwenye ndoo siku tano, chuja, changanya mpaka rangi iwe ya chai ya rangi nyepesi, kila wiki mbili wakati inachanua. Ukizidisha unapata majani makubwa kama bakuli na ua hakuna. Ua likinyauka livunje kwa kikonyo chake chote mpaka chini, ndo jingine litoke.

Sasa magonjwa, na hapa nawaomba mnisikilize hata wale wa nyanya na biringani.

Shina jeusi kutoka chini limelainika: huo ni uozo wa maji, mmea umekwenda, kata tawi la juu ambalo bado kijani uchomeke upya, lingine tupa na udongo wake. Vijipele kama vya gome chini ya majani hasa kwenye ile ya kutambaa, si ugonjwa, umeinywesha sana seli zikapasuka. Madoa ya vumbi la kahawia yaliyojipanga duara chini ya jani, hiyo kutu, ng'oa majani yote yenye hiyo uchome usitupe kwenye samadi. Wale wadudu weupe kama vipande vya pamba kwenye makwapa ya majani, pamba ya masikio na spiriti, mmoja mmoja, kaa na redio ufanye. Viwavi okota kwa mkono.

Lakini mbaya kuliko wote ni mnyauko wa bakteria. Mmea unanyauka na udongo una maji, unatia maji unazidi kunyauka. Kata shina, litumbukize kwenye gilasi ya maji safi lisimame, subiri dakika chache, ukiona uzi mweupe kama wa maziwa unashuka kutoka kwenye kidonda ndo huo. Ni bakteria wa ukoo uleule unaomaliza nyanya na viazi na biringani, na sio mchezo, mwaka 2003 vipandikizi vya jerania vilivyotoka hapa Kenya vilikutwa nao Marekani ikawa kesi kubwa ya kuteketeza mimea. Kenya tunalima vipandikizi hivi kwa ajili ya Ulaya, mjue, khalati yangu alikuwa anadhani vinatoka Ulaya kuja kwetu. Sasa hapa ndo kwanini kisu kinapita motoni, na ndo kwanini udongo uliokufia nyanya hautumiki tena kwenye jerania hata ukiwa umeuona mzuri vipi. Mmea wenye huo uzi hauna dawa. Choma.

Kitu kingine ambacho mji wetu una zaidi ya wengine: paka na punda. Pelagonia ina sumu kidogo kwa paka, mbwa na farasi, paka akitafuna sana anatapika na anakosa hamu ya kula. Punda sijaona akipewa lakini kwa kuwa ni ndugu ya farasi mimi simwekei karibu, matawi niliyopogoa siyatupi uchochoroni. Wa kwangu paka anaipita tu, harufu haimpendezi, ila kuna kitoto kimoja cha paka kilikuwa kinalala ndani ya chungu cha ile ya harufu mpaka mche ukapinda.

Nilisema nitarudi kwa za harufu. Ile ya waridi, Pelargonium graveolens na jamaa zake, ndo inayotoa mafuta ya jerania yanayotumika kwenye manukato, na kwa kuwa mafuta ya waridi halisi ni ghali sana haya ndo yanayochanganywa au kusimama mahali pake. Yaani inawezekana kabisa yale marashi unayonyunyizia wageni kwa mrashi yana jani hili ndani yake. Kukamua mafuta nyumbani msijaribu, unataka mamia ya kilo za majani upate kilo moja ya mafuta. Lakini jani lenyewe! Mke wangu alianza kulitia kwenye kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia, pamoja na asumini na mrehani, asumini inapochoka alfajiri jani bado linanukia, na ukilikalia ndo linazidi. Wenye kujua vikuba wengine wamekunja uso wakasema sio asili. Wengine wameomba mche.

Na kwenye shira ya kaimati: sukari na maji yakianza kuchemka tumbukiza majani matatu mabichi yaliyooshwa, yakae mpaka shira inase kwenye kidole, halafu uyatoe. Iwe ile ya harufu ya waridi uliyoikuza mwenyewe bila kupigwa dawa, sio ya maua mekundu ya pete, na sio ile iliyotoka dukani wiki iliyopita manake hujui imenyunyiziwa nini.

Mwisho ni jambo la kila mwaka. Mmea wa zamani ukishafika miaka miwili huku pwani unakuwa mti mkavu chini na kijani kidogo juu, na masika ndo inayouangusha. Usisubiri. Mwishoni mwa mwezi wa pili, kabla joto halijawa baya na mvua haijanusa, kata vipandikizi sita saba kutoka kila mmea uviweke ndani kwenye mwanga. Mama akifa mwezi wa tano, watoto wapo. Mche wangu wa kumi na mbili umeshakufa zamani, huu ninaouangalia sasa ni mjukuu wake.

Na ukitaka kumpelekea mtu kipandikizi, usikifunge na kitambaa kibichi kama tunavyofunga asumini. Kavu kabisa, ndani ya gazeti, kwenye boksi lenye matundu, siku mbili za basi kinavumilia na kidonda kinapata kukauka njiani. Kikifika kimesinyaa mwambie asikioge kwa maji, akichomeke mchangani akiache. Khalati nilimpelekea vitano mwaka jana, vyake vyote vilikuwa vimekufa na mvua ya Nairobi, akanipigia simu kulalamika vimefika kama mboga ya jana. Wiki ya tatu akanyamaza.